Nesan wa Nyumba ya Okidi

Jumapili ya mwisho ya Agosti, lango la bustani ya Peradeniya lilikuwa limefurika watu kama siku ya maandamano ya tembo. Mabasi ya shule yaliziba barabara, wauza mahindi ya kuchemsha walikuwa wanaitana kwa kelele, na katikati ya msongamano huo alisimama bibi harusi mwenye mikufu saba shingoni, jasho likimtiririka, machozi yakiwa karibu.

"Sandamali! Sari inateleza! Nakwambia inateleza!"

"Usipumue," Sandamali alimjibu huku akipekua mkoba. "Kaa hivyo hivyo."

Sandamali alikuwa mvisha maharusi. Mji mzima wa Kandy ulimjua kwa vidole vyake vyepesi, na wasichana wa koo kubwa walimwekea siku miezi sita kabla ili awapangie yale marinda ya kiunoni ambayo mama zao walishindwa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mwembamba, na siku hiyo alivaa gauni la pamba la rangi ya zambarau, nywele zimesukwa msuko mmoja uliofika kiunoni. Alipovuta kopo la pini, ukanda wa mkoba ulikatika. Kopo likaruka. Pini zikatawanyika kwenye sakafu ya mawe, chini ya mamia ya miguu.

"Simameni!" sauti ya mwanamume ilikata kelele. "Hakuna kukanyaga! Kuna pini hapa, mtachomwa!"

Alikuwa amevaa sare ya kijani ya bustani, ametanua mikono kama askari wa barabarani. Watu walisimama kweli. Akachuchumaa, akaanza kuokota.

"Dada, wewe ni fundi wa harusi au mganga wa sindano?"

"Mimi ni mtu mwenye haraka, kaka. Okota."

"Naokota. Lakini amri kali namna hii hata mkubwa wangu wa kazi hanipi."

"Mkubwa wako wa kazi hana bibi harusi anayevuliwa nguo na upepo."

Mwanamume alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, meno yote nje. Bibi harusi naye akacheka, sari ikateleza zaidi. Sandamali alibana, akakunja, akabana tena, na alipogeuka kushukuru, yule mtu alikuwa ameshapotelea ndani.

Saa moja baadaye, maharusi walipokuwa wanapigwa picha kwenye nyasi, alimwona anakuja anachechemea, kandambili moja mkononi.

"Nimechomwa na mali yako," alisema, akampa pini. "Ilikuwa imejificha kwenye soli. Nimetembea nayo bustani nzima."

"Pole. Unataka nikupe nini sasa?"

"Jina tu."

"Sandamali. Na wewe..." Alisoma kibao kidogo kifuani mwake, kilichoandikwa kwa lugha tatu. "Sivanesan."

"Nesan inatosha. Natunza maua, nyumba ya okidi."

"Unaongea Kisinhala kizuri sana, kwa Mtamil."

Alimtazama kidogo, tabasamu likiwa limepungua. "Nimezaliwa hapo Hantana, kwenye mashamba ya chai. Ukisimama sokoni Kandy ukainua macho, unaona kwetu. Ulidhani nimetoka mwezini?"

Sandamali aliona aibu. Hata hivyo, jioni hiyo ndani ya basi alijikuta anatabasamu peke yake, na abiria wa pembeni akasogea kidogo.

Kuanzia siku hiyo, kila bibi harusi aliyevishwa na Sandamali alijikuta amesimama mbele ya nyumba ya okidi.

"Sandamali," mpiga picha alilalamika mwezi wa Oktoba, "bustani hii ina ekari zaidi ya mia. Ina mianzi, ina mto, ina daraja la kamba. Kwa nini sisi kila siku okidi?"

"Mwanga wake ni mzuri."

"Mwanga!" Mpiga picha alimtazama Nesan aliyekuwa amesimama mlangoni na mpira wa maji, amelowesha viatu vyake mwenyewe. "Naam. Nauona mwanga wenyewe."

Sisi watu wa Kandy tunajua mapenzi ya bustanini yanavyokwenda. Vijana huja wawili wawili na mwavuli, mvua iwepo isiwepo, wakaketi chini ya ule mtini mkubwa na kuufungua mwavuli mbele yao kama mlango. Kila baada ya muda mlinzi hupita na filimbi. Nesan hakuweza kuketi pale na sare yake.

"Nikikamatwa mimi chini ya mwavuli," alimwambia, "wenzangu watanipigia filimbi mpaka nistaafu."

"Basi tutatembea."

"Tutatembea. Na nikikushika mkono, sema ulitaka kuanguka."

"Kwenye njia iliyonyooka hivi?"

"Kipenzi, wewe anguka tu. Sababu nitaitafuta mimi."

Walitembea chini ya mitende mirefu iliyopangwa mistari miwili, wakapita kwenye mianzi minene kama mapaja ya tembo, juu yao popo wakubwa wamening'inia kwa maelfu wakigombana. Nesan alimfundisha kuona okidi zilizo ndogo kama punje ya mchele. Sandamali akamfundisha kupanga marinda kwa kutumia taulo lake la kazi. Simu ziliita kila mchana.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Vibibi viwili na sambal ya nazi na pilipili. Kali mpaka nimelia."

"Umelia kwa sambal, au umenikumbuka?"

"Usijipe cheo, Nesan."

Sandamali aliishi na mama yake, Seelawathie, katika nyumba ndogo kwenye mlima wa Ampitiya. Baba alikufa zamani. Ukutani sebuleni palikuwa na picha ya Asela, kaka yake Sandamali, amevaa sare ya jeshi, taa ya mafuta ikiwaka chini yake mchana kutwa. Asela aliuawa kaskazini mwezi wa mwisho wa vita na waasi wa Kitamil, akiwa na miaka ishirini na minne. Ilikuwa imepita miaka saba, na kwa miaka yote hiyo, redio ikigusa wimbo wa Kitamil, Mama aliinuka na kuizima. Hakusema neno baya. Aliizima tu, akarudi kukaa.

Hilo ndilo alilokuwa analiwaza Sandamali mchana mmoja wa Januari, ameketi na Nesan kwenye benchi la kando ya mto, simu yake ilipoita.

"Sanda, uko wapi? Mbona nasikia mwanamume anacheka?"

"Niko bustanini, Mama. Kazini."

"Bibi harusi gani ana sauti nzito hivyo? Ni nani?"

Sandamali alimtazama Nesan. Nesan alikuwa bado anatabasamu, anasubiri kusikia jina lake.

"Ni... Nishan, Mama. Anafanya kazi hapa."

"Nishan! Basi ndiyo maana kila siku unaimba jikoni. Mlete Jumamosi ale. Nitapika fenesi." Simu ikakatika.

Mto ulikuwa umejaa, maji ya kahawia yakipita kasi. Nesan alisema polepole, "Nishan ni nani?"

"Nilishikwa ghafla."

"Nimeuliza ni nani."

"Ni wewe, kwa Kisinhala. Sikiliza, Nesan, Nishan. Ni karibu sawa. Ni herufi tu."

"Kwako ni herufi. Kwangu ni baba aliyeniita hivyo."

"Mama yangu ana mtoto ukutani, Nesan! Unataka nimwambieje? Mara moja tu. Akuone kwanza, akupende, halafu nitamwambia. Akishakupenda hawezi kurudi nyuma."

"Mimi sikumuua kaka yako, Sanda. Baba yangu na mama yangu wamechuma chai maisha yao yote. Hatujawahi kufika kaskazini hata kwa matembezi."

"Najua. Mimi najua. Mara moja tu, laazizi. Nakuomba."

Alikubali. Watu walimlaumu baadaye kwa kukubali, lakini aliyewahi kuombwa na mtu anayempenda, kwa sauti ile, anajua kwamba kukataa si kazi nyepesi.

Jumamosi alikwenda na shati la samawati lililopigwa pasi na kikapu cha mapera ya kwao. Mama Seelawathie alikuwa mfupi, mnene, nywele nyeupe zimefungwa kishungi, na maneno yake yalikuwa hayana breki.

"Huyu mbona mwembamba hivi? Bustani haiwalishi? Kaa. Si hapo, hapo pana mguu mbovu. Kaa hapa."

Alimkalisha kwenye kiti cha Asela. Sandamali aliona, moyo ukamlipuka kwa furaha na kwa hofu kwa wakati mmoja. Nesan alikula wali sahani mbili, fenesi, dengu, samaki mkavu, na alipoambiwa chumvi imezidi akasema ndiyo, imezidi kidogo. Mama akapasuka kicheko.

"Miaka yote hii watu wananidanganya kuhusu chumvi yangu! Sanda, ukimwacha huyu, mimi nabaki naye. Wewe utahama."

Ile mara moja ikawa mara mbili, ikawa kila Jumamosi. Nesan alizibua mfereji wa paa. Alibadilisha udongo wa maua yote ya Mama barazani. Mama alianza kumpigia simu mwenyewe. "Nishan mwanangu, umekula?" Na kila mara Nesan alikawia kidogo kabla ya kuitika, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Lini?" alimuuliza Sandamali mwezi wa Februari.

"Mwezi huu."

Aliuliza tena Machi. "Baada ya mwaka mpya," alijibiwa. Mwaka mpya wa Aprili ukaja, Mama akamlisha wali wa nazi kwa mkono wake, ukapita.

Mei ilikuwa kumbukumbu ya Asela. Kila mwaka Mama aliwaalika watawa watano, akawapikia, majirani wakaja wamevaa nyeupe. Wiki moja kabla, alimwita Nesan chumbani, akafungua sanduku. Alitoa shati jeupe la mikono mirefu, lililokunjwa kwenye karatasi laini.

"La Asela," alisema. "Alilivaa mara mbili. Mwaka huu nataka mtoto wa kiume awahudumie watawa nyumbani kwangu. Vaa wewe."

Nesan alilipokea kwa mikono miwili. Aliinama nalo, macho sakafuni. Mama alidhani ni heshima.

Usiku huo hakulala, na kulipokucha alimpigia simu Sandamali.

"Shati hili siwezi kulivaa kwa jina la uongo. Siwezi. Mwambie leo."

"Nesan, siku zimebaki chache, ana kazi nyingi..."

"Basi nitamwambia mimi."

"Hapana! Lazima asikie kwangu. Nitamwambia. Naapa kwa roho ya kaka yangu."

Siku sita zilipita. Sandamali aliingia jikoni mara nane au tisa, akasimama nyuma ya mama yake, akafungua mdomo, akauliza habari za vitunguu. Mchana wa kuamkia siku yenyewe, simu iliita.

"Umemwambia?"

Mama alikuwa anaimba uani akisuuza sufuria kubwa. Sandamali alimsikia jinsi alivyokuwa na furaha, mara ya kwanza kwa mwezi wa Mei tangu Asela afe.

"Nimemwambia," alisema.

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu. "Akasemaje?"

"Akasema... akasema uje mapema."

"Sanda. Mungu wangu. Sanda." Nesan alikuwa analia. "Nilidhani atanifukuza. Kesho nitamwinamia mpaka chini. Nakupenda, unasikia? Sijui niseme nini. Nakupenda."

"Na mimi nakupenda," alisema Sandamali, akakata simu, akaegemea ukuta. Alijiambia kwamba angemwambia Mama usiku. Usiku Mama alisema amechoka, akalala mapema.

Asubuhi Nesan alifika saa tatu, shati la Asela likimkaa kama alilipimiwa. Alipiga magoti mbele ya Mama, akagusa miguu yake, na alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Mama alimkumbatia, akamshika mashavu. "Mwanangu," alisema, "mwanangu." Nesan alilichukua neno hilo kama jibu la kila kitu.

Watawa waliketi kwenye mikeka iliyofunikwa shuka jeupe. Nesan alinyunyiza maji mikononi mwao, akawapakulia wali kwanza, akainama kwa kila mmoja. Majirani walinong'onezana kwamba Seelawathie amepata mkwe. Hata Mjomba Gunapala, kaka yake Mama, mtu asiyemsifu yeyote, aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Walipomaliza kula, mtawa mkubwa, mzee wa sauti ya taratibu, alikunja joho lake begani na kuuliza majina ya wenye nyumba, ili awataje katika baraka.

Mama akataja lake. Akataja la Sandamali. Akataja la Asela, akiitazama picha.

"Na kijana huyu aliyetuhudumia vizuri?"

Nesan alikunja mikono kifuani. Aliongea kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, sauti ya mtu aliyetua mzigo.

"Sivanesan, Mheshimiwa. Mtoto wa Muthusamy wa Hantana."

Mtawa aliinamisha kichwa, akalirudia jina bila kukosea. Lakini chumba kilikuwa kimeganda. Mama alikuwa ameshika jagi la maji. Aliliweka chini polepole.

"Umesema unaitwa nani?"

"Sivanesan, Mama." Tabasamu lake lilianza kuondoka. "Si Sanda... Sanda alikwambia?"

Macho yote yalimgeukia Sandamali.

"Mtamil," alisema Mjomba Gunapala. "Chini ya picha ya mtoto wetu. Miezi yote hii mtu anakula humu kwa jina la kuazima."

"Mjomba, mimi sikutaka..." Nesan hakumalizia. Alimtazama Sandamali. Hakukuwa na hasira katika macho hayo. Alikuwa anasubiri.

Neno lilikuwa moja tu. Mimi. Mimi ndiye niliyesema uongo. Sandamali alilijua, alilihisi ulimini. Alitazama vidole vya miguu yake kwenye sakafu nyekundu iliyong'arishwa. Alikuwa anamsubiri mama yake aseme kwanza. Na mama yake, kama walivyokuja kuambiana baadaye, alikuwa anamsubiri yeye.

"Angalau uvue shati la marehemu," Mjomba alisema.

Nesan alifungua vifungo. Vilikuwa saba, na hakuna aliyesema kitu mpaka cha mwisho. Alilikunja shati vizuri, mikono ndani, kama alivyolikuta sandukuni, akaliweka juu ya kiti. Akawainamia watawa. Akatoka na fulana yake ya ndani, akapita katikati ya majirani waliovaa nyeupe, akashuka mlima.

Sandamali alimpigia simu siku hiyo mara ishirini. Akaandika ujumbe: *Nisamehe. Niliogopa. Pokea.* Baada ya siku tatu simu ikawa haiiti kabisa. Jumatatu alikwenda bustanini bila bibi harusi. Katika nyumba ya okidi palikuwa na mzee mmoja akichambua majani makavu.

"Nesan? Ameomba uhamisho, dada. Yuko bustani ya Hakgala, kule kwenye baridi. Aliondoka Ijumaa."

"Hakuacha ujumbe?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Kwa nani?"

Nyumbani, mama na binti waliishi kama wapangaji wawili. Mama alipika, Sandamali alikula, vyombo vilioshwa. Juni ikapita hivyo, na Julai. Redio haikuwashwa. Sandamali aliwavisha wasichana wa watu, akawaambia wanapendeza, akawapeleka kupigwa picha ziwani badala ya bustanini, na mpiga picha hakuuliza.

Jioni moja ya Agosti, Mama alizungumza akiwa anakuna nazi, mgongo ukiwa umemwelekea.

"Wiki ya kwanza nilimchukia," alisema. "Wiki ya pili nikamchukia Gunapala. Sasa ni mwezi wa tatu na kila Jumamosi napika chakula kingi. Nikajiuliza, uongo aliusema nani humu ndani? Yule mtoto alisema jina lake mbele ya watawa."

"Mimi, Mama. Nilimwambia kwamba nimekwambia."

Mbuzi ya nazi ilisimama. "Najua. Nilijua nilipoona anakutazama. Nikangoja useme. Nikasema moyoni, akimsimamia huyu mtu, na mimi nitasimama. Ukanyamaza. Na mimi nikanyamaza." Mama alifuta mikono, na Sandamali aliona kwamba analia. "Mwanangu alikufa na miaka ishirini na minne, Sanda. Sitaki tena kumtoa mtoto wa mtu nyumbani kwangu akiwa na fulana. Nenda kamlete. Mwambie mama amesema uje na jina lako."

Alipanda basi la alfajiri. Alivaa sari ya kijani kibichi, ile aliyowahi kuambiwa na Nesan kwamba inamfanya aonekane kama jani jipya, na kwenye mkoba Mama alikuwa ametia lile shati, limefuliwa, limepigwa pasi. Barabara ilipinda milimani saa nyingi. Mashamba ya chai yalipita dirishani, wanawake na vikapu mgongoni, na Sandamali, aliyepita njia hiyo mara nyingi maishani, kwa mara ya kwanza aliwatazama nyuso.

Hakgala kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Alimkuta kwenye bustani ya waridi, amevaa sweta zito la kahawia, anakata matawi yaliyokufa. Alikuwa amekonda. Alipomwona, mkasi ulisimama hewani.

"Sanda."

"Nesan."

Nesan hakukimbia, hakumkumbatia. Alivua glavu. "Utapata homa na sari hiyo. Njoo huku." Akampeleka kwenye banda la vyombo, akammiminia chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake, akampa kipande cha sukari guru. Alimwangalia anavyokunywa.

"Unaringa bado?" aliuliza, na kwa kitambo walikuwa tena wale wa zamani.

"Naringa kwa nani? Umenikimbia."

"Nilikuwa nimevaa fulana. Mtu wa fulana hukimbia, Mei kuna mvua."

Sandamali alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akasema yote kwa mkupuo. Kwamba alisema uongo. Kwamba alijua neno la kusema na hakulisema. Kwamba Mama anamwita, kwa jina lake, na Mjomba ameambiwa akitaka asije tena. Alitoa shati, akaliweka mapajani mwa Nesan.

"Nioe," alisema. "Nitakuja Hantana mwenyewe nimwombe mama yako. Nitajifunza Kitamil. Nioe, Nesan, tafadhali."

Nesan alipitisha kiganja juu ya shati, akalilainisha pale lilipokunjika. Nje wageni walikuwa wanapiga picha wakicheka.

"Siku ile," alisema hatimaye, "nilishuka mpaka kituo cha basi. Nilipofika nyumbani mama yangu aliuliza, shati lako liko wapi? Nilikuwa nimemwambia asubuhi kwamba nakwenda kwa mama mkwe wangu, kwamba wamenikubali. Alikuwa ameshawaambia majirani. Mistari yote ya nyumba za wachuma chai ilijua. Nikamwambia limechanika."

"Nesan..."

"Ngoja. Wakati nafungua vile vifungo, nilivifungua polepole. Makusudi. Kila kimoja nilisema, sasa ataongea. Ungesema hata 'subiri'. Usingehitaji kunitetea. Ungesema subiri tu, ningekaa pale mpaka leo."

"Sasa nimesema. Nimekuja mpaka huku."

"Umekuja baada ya Mama kukubali."

Sandamali aliinamia kikombe chake cha chai.

"Hunipendi tena," alisema.

"Nakupenda. Ndiyo taabu yenyewe." Alitazama nje mlangoni. "Nikiona jani la kijani namna hiyo nakuona wewe, na huku yote ni majani. Lakini tukioana, kutakuwa na meza nyingine, na mjomba mwingine. Kutakuwa na mtoto wetu na jina lake, na siku mtu atamuuliza jina mlangoni mwa shule. Kila nitakapokutazama nitakuwa nahesabu vifungo. Siwezi kuishi hivyo. Na wewe hutaweza kuishi na mtu anayekutazama hivyo."

"Nitabadilika."

"Huenda umeshabadilika. Atakayekupata baada yangu atapata mtu shujaa." Alimrudishia shati. "Mwambie Mama asante. Mwambie chumvi yake niliipenda. Mwambie angekuwa mama yangu, ningefurahi sana."

Alimsindikiza mpaka kituoni. Walisimama bega kwa bega bila kugusana, na basi lilipokuja alimshika kiwiko ampandishe, akaukawiza mkono pale mpaka kondakta akagonga ubavu wa basi.

"Anguka basi," Sandamali alimwambia, akijaribu kutabasamu, "nikushike."

"Nenda, kipenzi," alisema Nesan. "Nenda, utachelewa."

Sandamali alifika Ampitiya jua likiwa bado juu ya mlima. Harufu ya fenesi ilimpokea kwenye ngazi. Mama alikuwa amefagia uwanja, amevaa sari yake ya kwenda hekaluni, amesimama mlangoni akitazama njia nyuma ya binti yake.

"Anafunga lango?"

Sandamali alitikisa kichwa.

Mama alitazama njia kidogo tena, kwa sababu wakati mwingine mtu hukawia kwenye kona. Kisha akaingia ndani. Mezani palikuwa na sahani tatu, zote zimeshapakuliwa. Alikaa, akamkalisha Sandamali, akamsogezea maji ya kunawa. Ile sahani ya tatu aliifunika kwa sahani nyingine, akaisukuma katikati ya meza, wakaanza kula.

Baada ya tonge la pili Mama alisita.

"Leo nimepunguza chumvi," alisema.

"Ndiyo, Mama," alijibu Sandamali. "Leo imetosha."